Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Neno la Siku ya Mtakatifu Luka. Masomo: Kutoka 17:8-13, Marko 2:1-12, Wagalatia 6:2



Kila mwaka, tarehe 18 Oktoba, Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, Mwinjili na tabibu. Siku hiyo tumezoea kuwaombea wagonjwa, na ni vema. Mwaka huu twapenda tuwakumbuke pia wale wanaowainua wagonjwa, hasa vijana wetu: wanafunzi wa uuguzi na utabibu walioko vyuoni Kolandoto, Bugando na kwingineko, na wale walioanza kazi juzi juzi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Shinyanga, Kahama na Geita.

Jumapili moja binti wa parishi yetu, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja likizo, hakupiga magoti wakati wa maungamo. Alibaki amesimama, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Wengine wetu tulitazamana, tukawaza kwamba vijana wa siku hizi hawana unyenyekevu. Baada ya ibada tulimwuliza. Akatueleza kwamba katika zamu ya usiku alimgeuza mgonjwa mzito peke yake, mara nne, juu ya kitanda kifupi, na tangu usiku ule kiuno kinamuuma hata hawezi kuinama. Tukamwuliza kama amemweleza mwalimu wake. Akasema hapana, kwa maana anaogopa kuonekana hafai kwa kazi hii.

Ndugu, neno hilo lilituchoma. Ni sisi tuliomwombea siku alipokuwa anaondoka kwenda chuoni. Ni sisi tuliomwambia kwamba uuguzi ni wito, na kwamba mwenye wito huvumilia yote. Tulidhani tunamtia nguvu, kumbe tulimfunga kinywa.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi hivyo hivyo kwetu sisi tunaotazama. Twamwona muuguzi katika vazi lake safi, twasema huyu amepata kazi nzuri, hashiki jembe wala habebi mawe. Hatuoni kwamba siku nzima anainama kwa majeraha na kwa akina mama wanaojifungua, anasimama saa nyingi pasipo kukaa, anawahamisha watu wazima kutoka machela hadi kitandani. Mwenzake wa maabara anainamisha shingo juu ya hadubini tangu asubuhi. Ndipo huja maumivu ya kiuno, mgongo, shingo, mabega na magoti, na mara nyingi huanza mapema, kijana angali mwanafunzi au katika miaka yake ya kwanza ya kazi.

Wala jambo hili si dogo. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu. Wauguzi ni miongoni mwa wanaoumia sana kwa sababu ya kazi yao.

Sasa tutazame Maandiko. Israeli walipopigana na Amaleki kule Refidimu, Musa alisimama juu ya kilima ameinua mikono yake. Mikono ilipokuwa juu Israeli walishinda. Iliposhuka, Amaleki walishinda. Mikono ya Musa ikawa mizito. Tuangalie vema: huyu ni mtumishi wa Mungu, aliyeitwa na Mungu mwenyewe, yumo katika kazi ya Mungu, na bado mikono yake ilichoka. Wito haukumwondolea mwili wake. Haruni na Huri nao hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Walifanya mambo mawili. Kwanza walileta jiwe, wakaliweka chini yake, akaketi. Pili wakamshika mikono, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa.

Jiwe na watu wawili: hayo ndiyo mahitaji ya vijana wetu hata leo. Wachunguzi wa mambo ya afya wameona kwamba kumfundisha mfanyakazi namna ya kuinua mzigo, peke yake, hakumkingi na maumivu ya mgongo. Ni lazima pia pawe na vifaa vya kufaa na watu wa kutosha. Kitanda kinachopandishwa na kushushwa, shuka imara ya kumvutia mgonjwa, kiti cha kuketi anayeandika au kushona jeraha, hayo ni jiwe la Musa. Mwenzako wa zamu anayekuja unapomwita, huyo ndiye Huri. Na yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne. Marko hakuona haya kuitaja hesabu hiyo.

Sisi wa nchi ya dhahabu twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mchimbaji mwenye busara hashuki katika duara lisilo na matimba. Duara likibomoka hatusemi kwamba udongo ulikosa imani; twauliza, matimba yalikuwa wapi? Basi kwa nini mgongo wa kijana ukivunjika moyo twasema kwamba hakuwa na wito?

Tufanye nini basi? Kwanza, tuwaulize. Mtoto wako akirudi kutoka zamu, usimwulize mshahara tu. Mwulize kama anaumwa, na akisema ndiyo, umsadiki. Pili, tukiwa na mgonjwa wetu wodini, tusiketi kutazama. Tumwambie muuguzi kwamba tupo, tukaongozwe naye namna ya kumgeuza na kumwinua. Tatu, halmashauri ya parishi na umoja wa akina mama wamwendee mganga mkuu wa kituo kilicho karibu na kumwuliza ni kitu gani kinachopungua. Mafundi seremala tunao, nao waweza kutengeneza viti. Akina mama washonao wapo, nao waweza kushona shuka nzito.

Nanyi vijana wetu, msifiche. Maumivu mengi ya kiuno hupungua mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Msimeze vidonge vya maumivu kila siku kwa siri, maana vingine hudhuru tumbo na figo. Lakini mguu ukilegea, au sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukizuia au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiumia kazini, toa taarifa mara moja, nayo iandikwe. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kuzitumia si kukosa uvumilivu.

Binti yetu alirudi chuoni, na safari hii aliahidi kumweleza mwalimu wake. Kabla hajaondoka tulimwombea tena. Hatukumwambia avumilie yote. Tulimwambia aite mtu wa pili.

Tuombe. Ee Mungu Mwenyezi, uliyeumba miili yetu na kuijua udhaifu wake, uwatazame kwa rehema watumishi wako vijana wanaowainua wagonjwa. Utusamehe sisi tuliouona mzigo wao kuwa mwepesi. Utupe macho ya kuona mikono iliyochoka, na nia ya kuleta jiwe na kusimama kando yao hata jua lichwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeubeba mzigo wetu sote. Amina.