Elia Alipewa Mkate Kwanza



Vijana wapendwa, kuna maneno ambayo kijana mwenye sonona huyasikia sana, tena kutoka kwetu sisi waamini: “Sali tu.” “Imani yako ndogo.” “Acha kujiendekeza.” Anayeyasema pengine ana nia njema kabisa. Lakini anayeyasikia anaondoka na mizigo miwili: ugonjwa, na aibu ya kuugua.

Hebu tumtazame Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii yule yule aliyeona moto ukishuka mlimani Karmeli, muda mfupi baadaye yuko jangwani, amekaa chini ya mti, anamwomba Mungu amwondolee uhai. Je, Mungu alimkemea? Hapana. Alimtuma malaika na mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha, maana safari ilikuwa bado ndefu. Ile sauti ya utulivu pale Horebu ilikuja baadaye. Kwanza mwili ulitunzwa.

Sasa, ubongo nao si ni mwili? Hapa nataka tumfahamu Julius Axelrod, mtafiti wa Marekani aliyezaliwa New York mwaka 1912, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Alitamani kuwa daktari, vyuo vya udaktari vikamkataa. Akafanya kazi maabara, na huko ajali ikamharibia jicho la kushoto. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1955, akiwa na zaidi ya miaka 40.

Axelrod alichunguza noradrenalini, mojawapo ya kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Aligundua kwamba ujumbe ukishafika, seli iliyoitoa kemikali hiyo huirudisha ndani na kuitunza itumike tena. Akaonyesha pia kwamba dawa za sonona za wakati huo, kama imipramini, huzuia kurudishwa huko, hivyo kemikali hubaki kazini muda mrefu zaidi. Mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Bernard Katz na Ulf von Euler. Ujuzi huo ulisaidia kufungua njia ya dawa zilizofuata, kama fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Tusirahisishe mambo, lakini. Sonona si kemikali moja tu iliyopungua, na wanasayansi bado wanaichunguza. Dawa hazimfai kila mtu kwa namna moja, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Wengine husaidiwa na mazungumzo na mshauri, wengine na vyote viwili. Hayo ni ya kuamua na daktari. Na ukishaanza dawa, usiziache ghafla eti kwa sababu umeombewa. Ongea naye kwanza.

Je, kumeza kidonge ni kukosa imani? Soma Yoshua bin Sira, sura ya 38. Anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa, na mwenye busara hazidharau. Anasema ukiugua usali, kisha umpe daktari nafasi yake. Vyote viwili, katika sura moja! Basi nenda kaungame, pokea Ekaristi, omba Mpako wa Wagonjwa ikiwa ugonjwa ni mzito, na kliniki uende pia. Neema haigombani na tiba.

Na wewe ambaye mawazo ya kufa yamekujia: hujalaaniwa, na Mungu hajakuacha. Usikae peke yako. Mwambie mtu leo hii, mzazi, rafiki, padre au mlezi wa vijana, akupeleke hospitali. Nasi tukiambiwa hivyo, tusihubiri. Tuwe kama yule malaika: tulete chakula, tukae naye, tumsindikize, na turudi mara ya pili.

Tuombe. Bwana, uliyemlisha Elia alipochoka kuishi, uwakumbuke wote wanaoamka leo bila nguvu. Uwabariki madaktari na watafiti, na utufundishe sisi kuwa na upole. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.