Jua Ni la Wote, Ardhi Je?

Sisi wa Nairobi tunapenda stima ya jua kwa sababu hatuishi inakotoka. Tunasema jua halina mwenyewe. Sawa, lakini paneli haziwekwi angani. Kituo cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina uwezo wa megawati 50 hivi na kimekalia hekta 85. Ukishazungusha ua, mbuzi hapiti.

Sasa mradi mwingine ukipendekezwa kijijini, nani ana haki ya kuukubali? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima waupitishe mkutanoni. Kwa karatasi, hiyo ni poa. Ila kuna maeneo ambako wengi siku hiyo wako mbali na mifugo, na mgeni amekuja na ramani iliyokwisha chorwa.

Kule Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari inazunguka wakati mahakama ya Meru, mwaka 2021, iliposema hatimiliki za ardhi hiyo hazikutolewa kisheria. Ukiuliza ukishajenga, hujauliza. Umearifu tu.

Kuna watakaosema dunia inaungua, hatuna muda wa mabaraza. Ni kweli inaungua. Lakini mbona haraka hiyo haibishi hodi kwa wenye uwanja wa gofu hapa mjini?

Mimi nautaka huo mradi. Nataka pia mzee wa kijiji aweze kuukataa, na wakimsikia wapange upya. Kama hawezi kukataa, basi hata akikubali hajakubali kitu.