Kabla ya Kumtaja Jirani

Gari likizimika, mara nyingi mwenye gari haulizi nini kimeharibika. Anauliza ni nani. Mimi ni fundi wa magari ya zamani hapa Goma, na ni Mkristo. Swali hilo nimelisikia gereji kuliko kanisani, na nasema lina uzito kuliko tunavyodhani, maana linaweza kumfukuza mama mzee nyumbani kwake.

Papa mmoja mwenye Land Cruiser ya petroli, kamioneti ya miaka ya 70 inayoshusha kabichi kutoka Kibumba hadi soko la Virunga, alinijia akiwa amekwisha kuhukumu. Gari lilimzimikia njiani, Kanyaruchinya, kabichi zikaoza, na wiki hiyohiyo mtoto wake akalazwa. "Fundi, hii si ya mashini tu," akaniambia. "Kuna mtu." Akamtaja mjane aliyepakana naye kiwanja. Nikamjibu, "Papa, huyo mama tumwache kwanza. Tutafute moto umeishia wapi."

Moto wa bujie una njia yake. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye batri, hupita kontakti, huingia kwenye bobini, kisha hushuka hadi kwenye platini ndani ya delko. Platini zikifunga, bobini inajaa. Zikifunguka, inatema maelfu ya volti, na delko inayagawa kwa bujie moja baada ya nyingine. Nilichomoa bujie, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, kijana akapiga stata: hakuna cheche. Nikausogeza waya mnene wa bobini karibu na chuma: hakuna. Taa ya kupimia iliwaka pale bobini inapopokea umeme, basi batri na kontakti havikuwa na kosa. Nikaihamishia upande wa pili wa bobini, stata ikapigwa tena. Hapo taa ilipaswa kupepesa kwa kufuata platini, lakini iliwaka tuli. Nikafungua delko, platini zilikuwa safi, zinacheza vizuri. Nikazigusa kwa taa zikiwa zimefunguka: giza. Kati ya hapo na bobini kulibaki kipande kifupi cha waya laini, kinachopinda kila mara sahani ya delko inapojigeuza. Kwa macho kilikuwa kizima. Nilipokivuta kilirefuka kama mpira. Shaba ilikuwa imekatika ndani. Plastiki ya nje tu ndiyo iliyokishikilia.

Papa alikiangalia, akasema jambo ambalo sikulidharau: "Sawa, ni waya. Na hospitali walisema mtoto ana malaria. Lakini kwa nini vyote viwili wiki moja, na kwangu?"

Swali hilo ni la zamani. Wazande, ambao nchi yao inaanzia Uele, kaskazini mwa Kongo yetu, na kuvuka hadi Sudan Kusini, wameelezwa na Mwingereza Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale, na jibu lao ni uchawi. Sisi wa Goma tuna swali hilohilo. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Wataalamu wa volkano wanaweza kueleza nyufa zile. Aliyepoteza nyumba akiwauliza kwa nini yake, hawana chombo cha kulipima hilo.

Kwa hiyo maswali ni mawili. La kwanza ni la taa na mikono. La pili nalipeleka kwa Mungu, na mbele zake mtu ana ruhusa ya kulia na kulalamika kama Ayubu. Rafiki zake Ayubu walikosea kwa sababu walishikilia kwamba lazima apatikane mwenye kosa. Na katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, yake au ya wazazi wake, Yesu alikataa majibu yote mawili, akamponya.

Kuna atakayeniambia: waya uliupata, je, usingeupata? Hutokea. Yapo magari yanayozimika injini ikipata joto, na ukianza kupima yanawaka. Siku hiyo fundi husema, "Bado sijapata," na ni vigumu kusema hivyo mbele ya mteja anayetaka jibu. Lakini mimi kutojua waya ulikatika wapi hakumtii mjane hatiani. Fundi anayebadilisha bobini kwa kubahatisha anapoteza pesa za mtu. Mhubiri anayetaja mchawi kwa kubahatisha anaweza kupoteza uhai wa mtu, na wazee wameshapigwa na kuuawa kwa maneno ya namna hiyo. Wahubiri wa mji wetu, nawaomba: msimhukumu mtu kwa jambo ambalo hamwezi kulipima. Papa akija kwenu na kabichi zilizooza na mtoto mgonjwa, ombeni naye, mchangieni pesa za dawa, na mwambieni wazi kwamba jirani yake hana kesi.