Tone Lisipotee

Somo: Yohana 6:1–13

Bwana Yesu alikuwa amekwisha kuwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Walikula wakashiba. Hata hivyo hakuwaacha wanafunzi waondoke kabla ya kuokota masalio, na masalio hayo yakajaza vikapu 12. Yeye mwenye uwezo wa kuzidisha mkate wakati wowote ndiye aliyekataa makombo yakanyagwe. Basi nawauliza ninyi mnaonunua petroli kwa jasho la uso wenu: nani amewapa ruhusa ya kuimwaga?

Nasema nanyi wenye pampu za kumwagilia kule Kileo na Kifaru. Nasema nanyi vijana wa bodaboda mnaopandisha abiria Usangi na Ugweno. Nasema nanyi wenye jenereta madukani na makanisani. Kabureta inavuja na mnajua inavuja. Harufu mnaisikia, doa mnaliona. Mmekinga kopo chini, mmefunga kipande cha mpira, mmepaka sabuni. Mmezoea kufunga koki kila mnapozima, na hapo mnajiambia mambo yako sawa. Ndugu zangu, hayako sawa! Robo lita tu kwa siku ni lita saba na nusu kwa mwezi. Hayo ni madaftari ya watoto, ni dawa ya mama mgonjwa, na yote yanakauka juu ya mchanga.

Fungueni bakuli la kabureta mwone. Tangu 1893, Wilhelm Maybach alipobuni kule Ujerumani kabureta ya kunyunyiza yenye floti, kazi ya floti haijabadilika. Floti ni tupu, ina hewa ndani, ndiyo maana huelea. Petroli ikijaa kwenye bakuli, floti hupanda na kuisukuma sindano izibe njia ya mafuta. Petroli ikipungua, floti hushuka na njia hufunguka. Lakini floti ikitoboka, hata kama tundu halionekani kwa macho, petroli huingia ndani yake. Inakuwa nzito, inazama, na sindano haizibi tena. Mafuta yanafurika nje, au yanaingia kwenye injini, plagi inalowa na mashine inagoma. Mengine huteremka mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, usivute kamba ya kuwashia. Rekebisha kabureta, kisha mwaga oili hiyo uweke mpya, la sivyo utaua injini nzima kwa ajili ya kitundu kimoja.

Wala msikimbilie kuilaumu floti kabla ya kuichunguza. Huenda ni uchafu uliokaa chini ya sindano. Huenda ncha ya sindano imelika. Huenda mkono wa floti umepinda. Safisha kwanza, tazama kwanza. Kisha toa floti, iweke karibu na sikio, itikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, umempata mhalifu. Kama huna hakika, leta maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, uyapeleke nje mbali na jiko, uzamishe floti. Hewa iliyo ndani itatanuka na kutoka kwa mapovu madogo yakifuatana mahali pamoja. Hapo ndipo penye tundu. Weka alama.

Floti ya plastiki ikitoboka, nunua nyingine, maana gundi nyingi huyeyushwa na petroli. Ya shaba yaweza kulehemiwa, lakini nawasihi mnisikilize: petroli iliyo ndani itoke yote kwanza. Elekeza tundu juu, ipashe moto kwenye maji yale yale, rudia mpaka harufu iishe kabisa. Usiisogeze kwenye mwali, maana mvuke uliofungiwa ndani hulipuka usoni pako. Piga msasa, tumia chuma cha kulehemu, weka lehemu kidogo tu. Ukiirundika, floti itakuwa nzito na mafuta yatapanda kupita kimo chake. Ikipoa, izamishe tena. Isipotoa povu, irudishe, na uangalie kwamba inapanda na kushuka bila kukwama.

Kutafuta tundu na kuliziba, ndivyo walivyofanya wazee wetu wa Upare kwa ndiva, mabwawa yao ya kumwagilia. Ndiva ilijazwa usiku, ikafunguliwa asubuhi, maji yakashuka kwenye mifereji hadi mashambani. Ukingo ulipovuja, hawakusimama na vibuyu kukinga maji. Waliita msaragambo, yaani kazi ya pamoja, watu wakaja na majembe, wakautafuta ufa mpaka wakaupata, wakauziba. Sisi wajukuu wao tumepata wapi tabia hii ya kuishi na ufa?

Na kuna jambo zito kuliko fedha. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori lililopinduka ilishika moto, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa, hadi kwenye sigara ya jirani. Wewe unayelaza pikipiki inayovuja sebuleni, mlango umefungwa, watoto wamelala, hebu ogopa! Nawe unayeweka pampu ukingoni mwa mto Ruvu wa huku kwetu, kumbuka maji hayo yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yanakuwa mto Pangani hadi baharini. Unachomwaga wewe, mwenzio anakunywa.

Mafundi, kwenu nina neno la pekee. Mteja haijui kabureta na amekuamini. Usimuuzie kabureta nzima kwa sindano iliyolika. Usimrudishie mashine yenye floti uliyojua imetoboka. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kuchukia israfu, nasi Wakristo tumeoneshwa vikapu 12. Mbele ya Mungu, hakuna dini itakayomtetea fundi mdanganyifu.

Basi msingoje mwezi uishe. Jumamosi hii, kabla ya kwenda sokoni, funga koki, zima kila moto ulio karibu, fungua bakuli, itikise floti sikioni. Usipoweza, mwite mwenye ujuzi, umlipe haki yake, na umsimamishe mwanao karibu aone na ajifunze. Anayeweza awatengenezee wajane na wazee wa mtaa wake bila kudai kitu. Petroli ni ya Mungu, fedha ni ya Mungu, nasi ni mawakili tu, na wakili ataulizwa hesabu. Inukeni mkazibe panapovuja. Amina.