Baada ya Ushuhuda, Nenda Kliniki

Tusome Luka 17. Wale kumi wenye ukoma, Yesu aliwatuma kwa makuhani wakaangaliwe, na wakatakasika wakiwa njiani. Kukaguliwa si kukosa imani, ati.

Nasema hivi kwa sababu hapa Kayole na Dandora tuko na vijana walioponywa saratani ya figo wakiwa wadogo. Walipigwa mionzi pale Kenyatta, tukacheza, tukatoa sadaka ya shukrani, halafu faili ikapotelea chini ya kitanda. Sikizeni. Mionzi ile iliua ugonjwa, lakini ilipita pia kwenye mifupa ya mgongo iliyokuwa bado inakua. Miaka 10, hata 20 baadaye, uvimbe unaweza kuota pale pale. Mara nyingi si saratani; mara chache ni saratani. Picha na vipimo ndivyo husema, si mimi mchungaji.

Mama, kijana wako akilalamika mgongo unamuuma usiku, usimwambie ni godoro. Mweleze daktari alipigwa mionzi mwaka gani, sehemu gani. Na miguu ikiishiwa nguvu, ama mkojo ukikataa kutoka, ni hospitali usiku huo huo. Tutaomba ndani ya matatu.