Binti wa Nani Atawauguza?

Ndugu msomaji, baada ya darsa ya Magharibi alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu, akaketi kando yangu, akasema: "Sheikh, binti yangu amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mama yake afurahi, nami roho yanisuta. Atawashika wanaume asiowajua, atakesha nje ya nyumba. Je, nimkataze?"

Nalimwuliza jambo moja tu: "Mzee wangu, mkeo alipojifungua ulitaka ahudumiwe na nani?" Akajibu: "Na mwanamke, bila shaka! Alipokuja mwuguzi mwanamume nalimzuia mlangoni." Nikamwambia: "Na huyo mwanamke uliyemtaka, ni binti wa nani?" Akanyamaza.

Shida hii si ya mzee huyu peke yake. Twataka stara ya wake zetu ihifadhiwe, lakini ihifadhiwe na mabinti wa watu wengine. Tuwaonapo mabinti hao wakirudi alfajiri kutoka kazini, twawatazama kwa jicho la shaka. Huu ni uadilifu gani?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alieleza katika Ihya kwamba ilimu ya utabibu ni fardhi kifaya: baadhi wakiisimamia, wengine husalimika; wote wakiiacha, wote huingia dhambini. Kisha alilalamika kwamba miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu, hali wanafunzi walikuwa wakisongamana katika fikihi na mabishano yake. Nasi tuliosoma vyuoni twamsifu sana Ghazali, na maneno yake haya twayapita upesi.

Ama yule asemaye kwamba uuguzi ni kazi ya Kizungu, na arudi Madina. Mwaka wa 5 wa Hijra (627), katika vita vya Khandaki, Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi. Mtume (S.A.W.) akaamuru awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, apate kumzuru kwa karibu. Hema hilo lilikuwa wapi? Lilikuwa msikitini! Humo bibi huyo akiwatibu majeruhi na kuwatumikia Waislamu wasiokuwa na wa kuwaangalia. Ummu Atiyya naye alifuatana na Mtume katika vita saba, akiwapikia watu na kuwauguza wagonjwa. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na watumishi wanaume na wanawake.

Wako pia wasemao: chuo cha nini? Mwanamke yeyote mwenye huruma aweza kuuguza. Neno hili ni tamu, lakini limewaua watu. Mwingereza Florence Nightingale alifika katika hospitali ya jeshi huko Scutari, karibu na Istanbul, mwezi wa Novemba 1854, pamoja na wanawake 38. Huruma hawakuikosa. Juu ya hayo, askari walizidi kufa majira yale ya baridi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha, kwani chini ya jengo lile mlikuwa na mifereji ya uchafu iliyoziba. Mwezi wa Machi 1855 ikaja tume ya afya, mifereji ikasafishwa na hewa ikaingizwa, na vifo vikapungua sana. Bibi huyo aliporejea kwao alizikusanya hesabu za vifo hivyo na kuzitoa, na mwaka 1860 chuo chake cha wauguzi kikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London.

Chukua mfano mdogo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili hivi. Asipogeuzwa, ngozi ya kiunoni na ya visiginoni hufa, na kidonda huweza kufika mfupani. Mapenzi ya mwana kwa mzazi wake hayamfunzi mtu jambo hili. Hufunzwa na aliyelisoma.

Mambo ya mavazi na zamu za usiku yana njia zake. Baba na aende chuoni akaulize. Na kumtazama na kumgusa mgonjwa kwa kadiri ya haja ya matibabu, fukahaa wameshalisemea zamani.

Mzee wangu alikubali, na binti yake amekwenda.

Lakini yapasa niseme na langu. Miaka kadhaa nyuma baba mwingine aliniletea swali hilohilo, nami, bila ya kufikiri sana, nikamwambia: mkataze. Akamkataza. Mwaka huu nalikwenda kumzuru mke wa bwana yule, aliyepooza upande mmoja. Nalimkuta binti huyo, sasa mtu mzima, akimfunga mamake kidonda kikubwa cha kiunoni. Akaniuliza: "Sheikh, wewe umesoma. Hivi ndivyo kinavyofungwa?"

Nalimjibu kwamba sijui.