Haja Ikiondoka, Nani Anabaki?

Katika mafundisho ya ndoa hapa parokiani kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, wachumba huja na swali moja kwa sura nyingi: nitajuaje kwamba mapenzi yake ni safi? Kijana huuliza akiwa na maana ya kwamba binti asiwe amewahi kuwa na mwingine. Binti huuliza akiwa na maana ya kwamba kijana ametulia, hana mwenzake Mwanza mjini. Mimi nawafundisha, na nyumbani mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Kwa hiyo swali hilo nalijua la darasani na la jikoni pia.

Safari hii swali limekuja na riwaya. Binti mmoja wa darasani anasoma kwenye simu hadithi ya mapenzi ya wahamiaji wa Marekani wa zamani, wale waliokwenda magharibi kwa misafara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kuna mjane kijana, watoto wawili, na gari lisilo na mtu wa kuliongoza. Kuna kiongozi wa msafara, mwanamume wa maneno machache. Wanavuka mito, wanazika watu, wanatazamana ng'ambo ya moto, na hakuna anayemgusa mwenzake hata mkono mpaka mchungaji afungue kitabu. Arusi, mwisho. "Mama Mwalimu," akaniambia, "hii ndiyo ninayoiita safi." Nikamwomba anirushie, nikaisoma yote. Ni hadithi nzuri, wala sioni haya kusema ilinikawiza kuinjika ugali. Lakini inakoma pale pale ambapo somo langu linaanzia.

Safari yenyewe haikuwa ya kubuni. Kutoka Independence, Missouri, hadi Oregon ni kama kilomita 3,200, na watu walizitembea kwa miezi minne mpaka sita, wakipita katika ardhi iliyokuwa na wenyewe. Misafara mikubwa ilianza miaka ya 1840, ikapungua baada ya reli kuvuka bara mwaka 1869. Kipindupindu kilizika wengi kando ya njia. Katika hali hiyo mwanamke aliyefiwa hakuwa na nafasi ya kukaa eda. Ng'ombe walihitaji mtu wa kuwafunga alfajiri, na watoto walihitaji nyama na kuni. Mwanamume mwenye kujua njia alikuwa haja kabla hajawa mpenzi. Mwandishi wa riwaya analijua hilo, ila analifunika kwa machweo ya jua. Mimi nalifunua kwa sababu ndilo fundo lenyewe: mtu akikupenda wakati anakuhitaji, anakupenda wewe au anaipenda haja yake?

Huku kwetu magari ya ng'ombe yalijaribiwa pia. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi Mskoti wa misheni ya CMS, alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370, magari yapate kupita. Wamisionari wa London nao wakapeleka yao kwa njia hiyo. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, na mambo yakarudi yalivyokuwa: kila kitu kichwani na begani mwa mpagazi, mzigo wa kama frasila mbili kwa mtu mmoja, kutoka pwani hadi Ziwa. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao. Mume alibeba pembe au vitambaa vya tajiri, mke akabeba chungu, mkeka na unga wao wawili, na wakifika kambini ndiye aliyesonga. Hakuna aliyeandika riwaya juu ya wawili hao. Waswahili wa pwani husema msafiri kafiri, na wapo walioshikana kwa ajili ya njia tu, wakaachana pwani baada ya kulipwa. Wapo pia walioondoka Unyamwezi wawili, wakarudi wawili. Kambini usiku, mbele ya chungu kimoja, usingeweza kuwatofautisha.

Hata Wazungu walikuwa na ndoa zao za msafara. Mwaka 1884 Annie Hore, mke wa baharia wa misheni ya London, aliondoka pwani na mumewe Edward na mtoto wao mdogo Jack. Alikuwa ameandaliwa kiti chenye magurudumu, lakini njia ilikuwa mbaya hata kiti kikabebwa na watu sehemu kubwa ya safari. Baada ya siku 90 walifika Ujiji, Januari 1885. Annie aliandika kitabu cha safari hiyo, na jina la kitabu, la Kiingereza, likakitaja kiti. Huyu alikuwa ameolewa tayari. Njia haikumtafutia mume, ilimwonyesha tu aliyekuwa naye.

Sasa niwalete karibu na nyumbani. Ukitazama ng'ambo ya maji kusini mwa kisiwa chetu, huko bara ndiko Kageyi, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Mwanza. Henry Morton Stanley alifika hapo 27 Februari 1875 na msafara wake, na miongoni mwa mizigo mlikuwa na mashua iliyokatwa vipande, ikabebwa mabegani kutoka Bahari ya Hindi. Iliunganishwa ufukweni na kuingia majini 8 Machi. Jina lake lilikuwa Lady Alice. Alice huyo ni Alice Pike, msichana wa Kimarekani wa miaka 17 ambaye mwaka 1874 alitia sahihi na Stanley ahadi ya kuoana akirudi. Mashua ilizunguka Ziwa, ikapita maji ya Ukerewe, baadaye ikashuka Mto Kongo na kuachwa miambani mwaka 1877. Alice alikuwa ameolewa na mwanamume mwingine tangu Januari 1876. Stanley alikuja kujua baada ya kulivuka bara.

Nikisimulia kisa hiki darasani, vijana wa kiume humlaani Alice kwa kauli moja. Mimi simlaani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1062, zinasema kwamba ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe. Kanisa liliona mbali. Mtu anayeahidi kuoa hajaoa, na moyo haukamatwi kwa hati kama mdaiwa wa duka. Tena nawaomba waitazame ile mashua. Stanley alimhitaji Alice wa kumwazia kwenye joto na homa, jina la kuandika ubavuni mwa chombo. Haja hiyo ni ya kweli na inamfanya mtu apige makasia. Lakini jina lilisafiri naye kote huku msichana mwenyewe yuko Marekani, anakua, anabadilika, na hakuna wa kumwuliza anaendeleaje. Hakuna aliyemgusa mwenzake muda wote huo. Kwa kipimo cha binti wa riwaya, hayo yalikuwa mapenzi safi kabisa.

Kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi. Kutogusana kabla ya ndoa ni jambo jema. Nalifundisha na nitaendelea kulifundisha. Ila ni fadhila ya mlangoni. Anayemaliza fadhila zake zote mlangoni ataingia ndani mikono mitupu.

Biblia nayo ina hadithi ya mapenzi ya msafara. Rebeka anapandishwa ngamia, anakwenda nchi asiyoijua kwa mwanamume asiyepata kumwona. Isaka anamwona jioni shambani, Rebeka anajifunika shela, wanaingia hemani, Isaka anampenda. Mwandishi wa riwaya za simu angeweka nukta hapo. Kitabu cha Mwanzo kinafungua sura nyingine: Isaka alioa akiwa na miaka 40, na mapacha walizaliwa akiwa na miaka 60. Miaka 20 ya hema lisilo na mtoto, kwa mtu ambaye ahadi yote ya baba yake ilitegemea uzao. Ibrahimu alikuwa amepewa mjakazi. Baadaye Yakobo angekuwa na wake wawili na wajakazi wawili. Isaka katikati yao hakutafuta mwingine, alimwombea mkewe. Rebeka aliletwa kwa ngamia ili azae, na miaka yote hiyo haja iliyomleta haikutimia, lakini hakurudishwa.

Kisiwa hiki nacho kina kitabu chake juu ya jambo hilo hilo. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kuishi Kagunguli, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitia Kiswahili mwenyewe, na Tanzania Publishing House wakakichapa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Yeye alifariki mwaka 1981. Kinaanzia mahali ambapo riwaya ya binti haijafika. Myombekere na Bugonoka wameoana zamani, wanapendana, hawana mtoto, na ndugu wa mume wana midomo. Wazazi wa Bugonoka wanachoka na matusi, wanamchukua binti yao. Ndugu wanamwambia Myombekere aoe mwingine. Yeye anashika njia kwenda ukweni kumwomba mkewe. Anatozwa pombe ya ndizi kwa mitungi, na wanaojua kazi hiyo, kuanzia kuivundika ndizi mpaka kuikamua, wanajua kwamba adhabu ya namna hiyo si ya kulipa kwa siku moja wala kwa mikono ya mtu mmoja. Anailipa. Anarudi na mke yule yule, na tumbo lile lile ambalo halijazaa.

Kitabu hicho hakina haya ya kizungu. Kinataja miili, dawa na ugonjwa kama mambo yanavyotajwa barazani kwa wazee. Lakini kwangu hakuna hadithi ya mapenzi iliyo safi kuliko ile safari ya ukweni.

Nimeshabishiwa. Dada mmoja aliniambia, "Mama Mwalimu, hatimaye si walipata watoto? Mwandishi aliwalipa. Asingewalipa je?" Ni swali la haki, na jibu lake haliko kitabuni, liko kwa mwandishi. Kitereza na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto wao hata mmoja, na hakuoa mwingine. Mtu huyo alikaa Kagunguli akaandika kurasa kwa mamia, akawapa wengine watoto ambao yeye hakuachiwa, na mke wake akabaki mke wake. Kanuni ya 1084 inasema utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mapadre waliisoma sheria hiyo kwa Kilatini. Kitereza aliiishi Ukerewe.

Hapo ndipo ninapopata jibu la kuwapa wachumba. Hakuna anayeoa bila haja. Mmoja anataka watoto, mwingine wa kumpikia, mwingine heshima kwa wenzake, mwingine aondoke tu nyumbani kwa baba yake. Haja si uchafu. Mungu mwenyewe ndiye aliyetuumba wahitaji. Usafi unapimwa siku ambayo haja iliyowakutanisha imetimia, au imeshindikana, na mtu bado yuko pale, mtu yule yule: je, bado unamtaka? Yule mjane wa Oregon tungemjua mwaka wa tatu baada ya kufika, ng'ombe wameuzwa na njia haihitaji tena kiongozi.

Niseme na hili, maana wapo wanaoligeuza somo kuwa fimbo. Kubaki ninakokusifu si kubaki na anayekupiga. Kanuni ya 1153 inampa mwenye kuhatarishwa mwili au roho sababu halali ya kuondoka. Kumbukeni pia kwamba katika kitabu cha Kitereza aliyefunga safari kwenda kuomba ni mume, na aliyelipa ni mume.

Sisi wake wa wavuvi mtihani huu tunaufanya kila mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wanaume hurudi kutoka kambi za Irugwa na Ukara, wengine na fedha, wengine na madeni ya mafuta. Mwanamke anayemngojea mwenye fedha tu na mwanamke anayemngojea mume wake husimama mwaloni pamoja, wamejifunga khanga zinazofanana, na huwezi kuwatofautisha mpaka mtumbwi urudi mtupu. Tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakafa, hakuna mchumba hapa anayeniuliza kwa nini kiapo cha ndoa kinataja kifo.

Kwa hiyo binti yangu wa riwaya nimempa kazi ya nyumbani, na nawapa wote wanaojiandaa. Kila mmoja aandike kwenye karatasi jambo kubwa analolitegemea kwa mwenzake. Halafu alifute kwa mstari, kana kwamba halitapatikana kamwe, na amwambie mwenzake kwa mdomo wake kama bado atakuja kanisani. Wapo walioahirisha arusi baada ya kazi hiyo, na wazazi wakanilalamikia kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatolewa. Nawajibu kwamba ng'ombe hurudishwa. Kiapo kikishatolewa mbele ya padre na mashahidi wawili hakirudishwi.